Siri ya Kifo cha Simba: Wafalme wa Vuga na Usiku Usio na Mfalme

Mbega aliugua siku chache, na katika Vuga nzima waliojua hali yake ni wazee wachache waliokuwa wakimuuguza. Alipokata roho hakuna aliyeruhusiwa kulia. Wazee waliufunga mlango, wakakubaliana la kusema, kisha wakatuma watu Bumbuli kumwita mwanawe Buge. Kijana aliambiwa kwamba baba yake hajiwezi na anamtaka upesi. Akafuatana na wajumbe, wakakata mabonde na mashamba ya migomba usiku kucha, na kabla hakujapambazuka alikuwa amekwisha kuingizwa mjini. Watu wa Vuga waliamshwa na ngoma ya kifalme. Walipokusanyika walipewa habari mbili kwa pamoja: Mbega ameshazikwa, na Buge ameketi mahali pake.

Ndivyo wanavyosimulia Wasambaa juu ya mwisho wa mwanzilishi wa dola yao, huko katika karne ya 18, na ndivyo masimulizi hayo yalivyoingia katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, Habari za Wakilindi. Mazishi yenyewe yanamsisimua msomaji hata leo. Alichinjwa fahali mweusi na ngozi yake ikatandikwa kaburini. Akatafutwa paka mweusi asiye na doa, naye akauawa. Kisha mvulana na msichana wakalazwa ndani ya kaburi, ubavu kwa ubavu, wakangoja humo mpaka maiti ilipokuwa tayari kushushwa, ndipo wakatolewa. Kuanzia hapo wawili hao walikuwa mwiko wao kwa wao. Hawangeweza kuoana maisha yao yote. Wako walioona katika tendo hilo kivuli cha desturi ya zamani zaidi, ya mkuu kuzikwa pamoja na watu hai. Mimi naona pia akili ya wazee. Siri ile ilikuwa ya usiku mmoja, lakini watoto wale wangekua machoni pa mji mzima, na kila aliyewaona angekumbuka kwamba mfalme alizikwa kwa taratibu zake na mrithi akakaa bila kupingwa.

Sisi wapenzi wa hadithi za upelelezi tumezoeshwa siri za kifalme zenye kuta za mawe, ngazi za kujipinda na mlango wa chumba usiofunguliwa. Tunazisoma za Ulaya kwa hamu kubwa. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, aliyejenga kasri la Neuschwanstein, alikutwa amekufa katika ziwa Starnberg tarehe 13 Juni 1886 pamoja na daktari aliyekuwa akimwangalia, na hadi leo watu wanabishana kama alizama, alijiua au aliuawa. Kumbe katika miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wakiisogelea milima ya Usambara, ambako kifo cha mfalme kilikuwa kimefichwa kwa vizazi kadhaa, kwa makusudi, kwa utaratibu, na kwa sababu iliyomgusa kila mkulima wa mahindi na ndizi. Kasri lenyewe lilikuwa la miti, udongo na nyasi.

Vuga iko juu ya mgongo wa mlima kusini mwa Soni, upande wa Bumbuli, si mbali na mji wa Lushoto wa sasa. Nyumba zake zilikuwa za msonge, zimesongamana katikati ya migomba. Adui aliyetaka kufika alipaswa kupanda kutoka nyika ya Mombo na Mazinde kwa njia za miguu zinazoonekana toka juu, na ukungu wa asubuhi ulikuwa mlinzi wa ziada. Mji mkuu wa namna hiyo hauachi magofu. Ulinzi wake mkubwa ulikuwa adabu: nani aingie, kwa njia ipi, alale wapi, na ajue nini.

Tumfuate kwanza Mbega mwenyewe, maana siri ya pili imo katika asili yake. Masimulizi yanasema alizaliwa Nguu, kusini ng'ambo ya mto Pangani, na meno yake yakaanza kuota juu kabla ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kwa desturi ya enzi hizo hakuachwa aishi, kwa hofu kwamba ataleta maafa katika ukoo. Mbega aliachwa. Wazazi walipokufa, ndugu zake wakamnyima urithi kwa hoja kwamba kigego hana haki. Akahamia Kilindi, akawa mwindaji mashuhuri na rafiki wa mtoto wa mkuu wa huko. Siku moja katika kuwinda nguruwe mwitu yule mtoto wa mkuu aliuawa. Mbega hakungoja kuulizwa. Alichukua wenzake na mbwa wake, akatoroka porini, akaibukia milimani Usambara.

Huko wenyeji walimkuta akipika nyama. Aliwagawia Wasambaa nyama za nguruwe waliokuwa wakiwaharibia mashamba, nao wakamletea unga na ndizi. Alipowaamulia mashauri yao walimwona mwadilifu, na kila ukoo ukampa mke. Wazee wa Vuga walipomchukua ili awe mtawala wao, simba aliwavamia njiani usiku, na Mbega akamuua. Tangu hapo mfalme wa Vuga akaitwa Simba Mwene, na hapana mwingine katika nchi aliyeruhusiwa kuitwa hivyo.

Je, Mbega alikuwa mtu au hadithi? Msomaji makini lazima aulize, kwa sababu mwindaji mgeni anayekuja na nyama na kupewa nchi si wa Usambara peke yake. Waluba wa Kongo wanaye Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na mtoto wake Kalala Ilunga ndiye aliyesimamisha dola. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti kwa Wasambaa katika miaka ya 1960 na kuandika historia ya ufalme wao mwaka 1974, aliigusa kila sehemu ya simulizi ile: nyama ya porini upande mmoja, chakula cha nyumbani upande wa pili, kigego aliyetupwa na jamaa zake akawa jamaa wa wote. Aliona kwamba simulizi linaeleza mkataba. Wenye nchi ndio walioutoa ufalme, na mgeni akaupokea kwa kuoa kwao.

Mimi naongeza kwamba simulizi hilo limewatangazia Wasambaa, kizazi baada ya kizazi, neno ambalo nasaba nyingi za kifalme duniani zingelizika: kwamba babu wa wafalme wao alikuwa mkimbizi mwenye damu ya mtu nyuma yake. Lingeweza kufutwa na wasimulizi wa ikulu. Halikufutwa. Nadhani liliachwa kwa sababu liliwafaa raia kuliko lilivyowafaa Wakilindi, ukoo wa kifalme uliotokana na Mbega. Mtawala aliyeokotwa porini anajua aliyemwokota.

Na mkataba huo ulikuwa na mifupa imara. Watoto wa Mbega walipelekwa kutawala kwa wajomba zao, pale mama zao walikotoka. Mkilindi wa Bumbuli alikuwa mtawala wa Bumbuli na pia mpwa wa watu wa Bumbuli. Akiwaonea, anawaonea wajomba. Mjini Vuga nako, wazee waliomzunguka mfalme na kujua siri zake walitoka katika koo za wenyeji, watu ambao kamwe hawangeweza kuwa wafalme. Hao ndio waliofunga mlango usiku ule. Mlango ungefungwa na Wakilindi wenyewe, kila mmoja angekuwa na mgombea wake.

Kwa nini basi kifo kifichwe? Jibu la kwanza ni la kisiasa, na linajulikana kwingine. Sultani Suleiman wa Uthmaniya alipofariki mwaka 1566 akiwa ameuzingira mji wa Szigetvár, waziri wake Sokollu Mehmed Pasha aliificha habari kwa wiki kadhaa, jeshi likiamini bwana wao angali hai, mpaka mwanawe Selim alipopata nafasi ya kushika madaraka. Buge wa Bumbuli na Selim wa Uthmaniya waliingia kwa mlango mmoja. Kila penye wana wengi wa mfalme, saa baina ya pumzi ya mwisho ya baba na kiti cha mwana ndiyo saa ya panga.

Jibu la pili ndilo la Usambara hasa, na bila hilo hatuelewi chochote katika yaliyofuata. Mfalme wa Vuga alikuwa mwenye mvua. Dawa za mvua zilikuwa mikononi mwake, na nguvu yake ingeweza kuiponya nchi au kuiharibu. Wasambaa walisema juu ya kuzifya shi, kuitengeneza nchi ikastawi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mmoja aliyewazidi wote, mwenye kupokea kodi ya wote, aliitengeneza nchi, kwa kuwa nchi ilikuwa mali yake na hakuna mwenye mali anayechoma shamba lake. Lakini wakipatikana wawili wanaoshindana, nguvu kwa nguvu, kila mmoja ataizuia mvua ili mwenzake aaibike, na mahindi yatakauka katikati yao. Ndiyo maana usiku usio na mfalme ulikuwa tishio hata kwa bibi kizee wa Mlalo asiyejua lolote juu ya mambo ya Vuga. Siri ya wazee ilikuwa bima ya chakula.

Utaratibu huo ulifanya kazi kwa muda mrefu. Ulifikia kilele, na papo hapo ukaanza kuoza, chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kuanzia karibu mwaka 1815 hadi 1862. Enzi yake ilitanda kutoka upande wa Upare hadi karibu na bahari, na hata miji ya mrima ilimheshimu. Sultani wa Zanzibar na mfalme wa Vuga walikuwa na sauti kwa pamoja katika kuwasimika wakuu wa baadhi ya miji hiyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda kumwona mwaka 1848, akarudi tena 1852, akitaka ruhusa ya kufundisha. Alimkuta mzee mwenye amri kamili, na wanawe wakiwa wametawanywa wilayani kama magavana, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuwa Waislamu.

Februari 1857 wakaja wengine wawili: Richard Burton na John Hanning Speke, wakipasha misuli kabla ya safari yao ndefu ya maziwa makuu. Walipewa kibanda nje ya mji, kwa kuwa mgeni hakulala ndani ya Vuga. Jioni, katika mvua na ukungu, waliitwa kwa mfalme. Burton ameeleza alivyomkuta Kimweri amekonda, mzee sana, kitandani karibu na moto. Mfalme alikuwa amesikia kwamba mmoja wa wageni ni mganga. Alichotaka ni dawa ya kumrudishia nguvu na ujana.

Burton aliandika mkasa huo kwa dharau yake ya kawaida, na wasomaji wake wa London bila shaka walicheka. Mimi siwezi kucheka. Mzee yule alijua hesabu ya nyumbani kwake kuliko mtu yeyote. Ametawala zaidi ya miaka arobaini. Mwanawe mkubwa, Mnkande, alikufa kabla yake. Wana waliobaki walikuwa watu wazima, kila mmoja na nchi yake, bunduki zake na wafuasi wake. Mfalme mpya alitakiwa kuwaweka wanawe mwenyewe katika wilaya na kuwastaafisha wa kizazi kilichopita. Ndivyo mfumo ulivyojisafisha kila baada ya kifo. Mfalme akiishi sana kiasi cha kurithiwa na mjukuu, nani atawaondoa baba wadogo wenye mvi? Miaka kumi zaidi ya nguvu ingemwezesha kupanga upya. Dawa ile aliitafuta jioni, faraghani, kwa mgeni ambaye angeondoka kesho, maana ugonjwa wa mfalme haukupaswa kujulikana.

Kimweri alikufa mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu, mtoto wa Mnkande, akakalia kiti. Utaratibu ulifuatwa, Simba Mwene akapatikana, na kwa miaka michache ilionekana wazee wameshinda tena.

Anayetaka kuona kwa nini hawakushinda asimame Irente, ukingo wa mlima karibu na Lushoto, mahali ambapo watalii hupiga picha. Chini yake, karibu mita 1,000, iko Mazinde na nyika inayonyooka hadi upeo wa macho. Hapo Mazinde ndipo alipokaa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri. Kwa mizani ya zamani, Mazinde ilikuwa pembezoni: joto, ukame, jirani na Wamasai. Kwa mizani mpya ilikuwa dhahabu. Misafara kati ya Pangani na bara ilipita hapo, na msafara ulileta bunduki na baruti, ukaondoka na pembe za ndovu na, kwa kuongezeka kila mwaka, watumwa. Mfalme aliye juu Vuga alipokea mbuzi, ndizi na heshima. Semboja alipokea bunduki.

Mwaka 1868 aliwasha vita, Shekulwavu akafukuzwa Vuga. Jambo ambalo Semboja alilifanya baada ya ushindi ndilo linalonishangaza kuliko mauaji yote ya hadithi hii: hakukaa Vuga. Alimweka kijana wake, Kimweri Maguvu, awe Simba Mwene milimani, mwenyewe akarudi Mazinde kwenye biashara yake. Kiti ambacho wazee walikilinda kwa usiku wa siri na ngozi za mafahali, mshindi alikiona kinamfaa mtoto.

Shekulwavu alikimbilia mashariki na kuwaomba Wabondei wainuke dhidi ya machifu wa upande wa Semboja. Wakainuka, lakini hawakuchagua upande. Walimwinda kila Mkilindi. Vita hivyo, vilivyoitwa Kiva, viliufuta utawala wa Vuga huko Bondei. Baada ya Shekulwavu kufa, ndugu zake waliendelea na mapambano kwa miaka mingi. Wafalme wawili, nguvu kwa nguvu: lile ambalo siri ya Vuga ilitengenezwa kulizuia likawa ndiyo hali ya nchi, kizazi kizima. Watu walitekwa vijijini na ndugu wa watawala wao, wakashushwa pwani kuuzwa. Wajomba waliompa Mbega binti zao hawakufikiria kwamba wajukuu wa ndoa zile watawafanyia hivyo, na naomba msomaji asiipite sentensi hii haraka kwa sababu tu mambo ya kifalme yana mvuto zaidi. Anguko la ufalme wa Wasambaa lililipwa na watu wasio na jina.

Tunayajua haya kwa sehemu kubwa kupitia Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyekuwa karibu na Semboja na aliyeyashuhudia mengi ya miaka hiyo ya vita. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliokuwa na kituo chao Magila, ndio waliokichapa kitabu chake mara ya kwanza kwa vipande, kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1962 kilitolewa upya na East African Literature Bureau chini ya uhariri wa J.W.T. Allen. Ofisi hiyohiyo miaka miwili nyuma ilikuwa imetoa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kitabu kilichomleta Bwana Msa, mpelelezi wa kwanza mashuhuri wa riwaya ya Kiswahili. Nimeviweka vitabu hivi viwili rafu moja. Bwana Msa hufunua mauaji kwa kuuliza nani anafaidika na uongo gani. Abdallah anatupa mauaji halisi, usaliti halisi, na tunalazimika kuwa Bwana Msa sisi wenyewe.

Hivyo basi tumhoji. Shahidi huyu ana upande. Aliishi na washindi wa 1868, na sehemu za mwanzo za kitabu, zile za Mbega, zinatoka katika vinywa vya watu wa nyumba ya kifalme. Lakini pale anaposimulia jinsi wazee wa kawaida walivyomweka Buge, anasimulia jambo lisilowasifu Wakilindi hata kidogo: kwamba wasingekuwa wafalme bila watu ambao hawakuwa wa damu yao. Msemaji anaposema neno lisilomfaa bwana wake, mpelelezi hunyanyua kalamu. Hapo namwamini Abdallah, kama si kwa kila paka na kila fahali, basi kwa umbo la tukio.

Mwaka 1895 ulileta vifo viwili vinavyoufunga mlango wa zamani. Semboja alikufa. Mwaka huohuo Wajerumani, ambao sasa ndio walioitawala nchi, walimnyonga Mputa, mfalme kijana aliyemrithi Kimweri Maguvu, kwa kosa la kuamuru auawe mtu aliyezini na mmoja wa wake zake. Kwa sheria ya Vuga, mfalme aliyefanya hivyo alikuwa ametumia haki yake. Kwa sheria ya wageni, alikuwa muuaji. Tafakari jinsi tendo lile lilivyowafikia Wasambaa. Mbega, mkimbizi aliyekuwa na kifo cha mtu nyuma yake, alipewa nchi. Mputa, mwenye nchi, alitundikwa kwa kifo cha mtu. Na kifo chake kilifanywa mchana, mbele za watu, kwa amri ya ofisi, ili kila mmoja ajue. Wazee hawakupewa hata saa moja ya kufunga mlango.

Kinyashi, mtoto wa Shekulwavu, akawekwa badala yake. Ukoo ulioangushwa na Semboja ukarudi Vuga kwa mkono wa Wajerumani, na ungedhani huo ni ushindi. Kinyashi hakuuona hivyo. Mwaka 1898 moto uliiteketeza Vuga, na mji haukurudi tena kuwa ulivyokuwa. Wajerumani walikuwa na mji wao wakiuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, ndio Lushoto tunayoijua. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo katika mwanzo wa karne mpya, na njia ya kupanda mlimani ikawa ya wakulima wa kizungu na maofisa wanaokimbia joto la pwani. Wamisionari wa Bethel walikuwa wameingia Mlalo tangu 1891 na Vuga kwenyewe 1895. Mwaka 1903 Kinyashi alijiuzulu.

Neno hilo, kujiuzulu, halikuwa na mahali katika kanuni za Vuga. Mfalme alikuwa mfalme hadi kaburini, na mwingine hakuweza kuwapo akiwa hai. Kinyashi akawa Simba aliyeishi kama raia kwa zaidi ya miaka ishirini, na Wajerumani wakatawala kwa maakida na majumbe. Waingereza walipochukua nafasi ya Wajerumani na kutaka kutawala kupitia wakuu wa jadi, walimtafuta Kinyashi huyohuyo, akarudi madarakani mwaka 1926 akiwa mzee. Wengi waliamini bado anazo dawa za mvua za baba zake. Alikaa miaka michache tu. Baada yake akaja Shebughe Magogo wa upande wa Semboja. Sasa kila badiliko liliandikwa katika majalada ya ofisi ya wilaya, na siri ikahamia kabatini.

Hata hivyo mkataba wa Mbega haukufia kwenye majalada. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili na baada yake, Wasambaa walibanwa na njaa, kazi za lazima na amri za kilimo. Maofisa walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, wakalazimisha watu walime kwa matuta juu ya miteremko, kazi kubwa kwa shamba dogo. Machifu wa Kikilindi ndio waliosimamia utekelezaji. Watu walianza kuzungumza kwa lugha ya zamani: nchi inaharibiwa, mfalme amekubali kuiharibu. Wakakusanyika kumtaka Magogo aondoke, na mwaka 1947 akaondoka, akafuatwa na Kimweri Mputa Magogo, aliyebeba katika jina lake Kimweri mkubwa na mfalme aliyenyongwa. Matuta yaliendelea kugombaniwa miaka kumi mingine, chama cha TANU kikapata wafuasi wengi katika ugomvi huo, na mpango wenyewe ukaachwa kabla ya uhuru.

Serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na Kimweri Mputa Magogo akawa Simba Mwene wa mwisho mwenye madaraka. Kabla ya hapo, mwaka 1947, wakulima waliosimama mchana kumwondoa mfalme walikuwa wameifanya, kwa sauti, kazi ambayo wazee wa Vuga waliifanya usiku kwa kunong'ona: kuamua ni nani anayefaa kuitunza nchi waliyoitoa wao.